Ukiwa na Nguvu Kuliko Kapteni Wako

Hebu nikuulize swali, na unijibu kwa roho safi. Uko kwa timu. Kazi yako ni moja tu, kumsaidia kapteni ashinde. Siku yenyewe inafika, mko juu mlimani, miguu yako bado iko sawa kabisa, na nyuma yako unasikia pumzi ya kapteni ikikatika. Ukienda, huenda ukashinda wewe. Ukibaki, atashinda yeye. Utaenda ama utabaki?

Usijibu haraka. Najua kwa simu sote ni majasiri. Mimi nimeishi na swali hili miaka mitatu sasa, na sijawahi hata kushindana kwa baiskeli. Nimeishi nalo nyumbani kwetu. Leo nataka kuliongea kupitia kijana mmoja aliyezaliwa Nairobi, kwa sababu yeye aliulizwa swali lenyewe mbele ya dunia nzima, kamera zikiwa mita chache kutoka usoni pake.

Chris Froome. Wakenya tukimtaja huwa tunaanza kubishana kama ni wetu ama si wetu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa hapa, na baiskeli alifunzwa Kikuyu na David Kinjah, yule jamaa wa rasta wa Safari Simbaz. Wakati rafiki zake walikuwa wanapelekwa kuogelea, yeye alikuwa Mai-a-Ihii, nyumba ya mabati, akifuata vijana wakubwa kwenye milima ya huko hadi ukingo wa Bonde la Ufa. Mwaka 2006 alivaa rangi za Kenya kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza. Ubishi wa uraia nawaachia. Mimi kinachonivuta ni kile kilichomkuta Julai 2012.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunadhani baiskeli ni kila mtu na miguu yake. Si hivyo. Ushawahi kuendesha baiskeli nyuma ya lori pale barabara ya Naivasha? (Usijaribu, mathe wako asije akanitafuta.) Wale wameshika lori wanakwambia unahisi kama umevutwa. Sababu ni upepo. Anayekaa mbele ndiye anaupasua, anayekaa nyuma anapona. Kwenye tambarare, aliye nyuma anaweza kuokoa karibu thuluthi ya nguvu zake. Sasa chukua mbio kama Tour de France, wiki tatu, zaidi ya kilomita 3,000. Mtu hawezi kupasua upepo peke yake siku zote hizo. Kwa hivyo timu inachagua kapteni mmoja, na wengine wote wanakuwa ngao. Wanamkatia upepo, wanamletea maji, na akipata pancha wanampa gurudumu lao. Kwa Kifaransa wanaitwa domestique, neno linalomaanisha mtumishi wa nyumbani. Hawajaribu hata kulipamba.

Kama hiyo inakuwa ngumu kuamini, kumbuka Vienna, Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tulilia kwa furaha, na tulistahili kulia. Lakini kulikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkatia upepo. Wewe unaweza kutaja wangapi? Na waliofadhili siku ile walikuwa Ineos, kampuni ileile iliyokuwa imechukua timu ya baiskeli ya Froome mwaka huohuo. Akili ni ileile: mmoja anang'aa, wengine wanakata upepo.

Sasa mlimani mambo hubadilika. Mwendo unapungua, upepo hausaidii sana, na kila mtu anabaki na mapafu yake. Ndiyo maana ugomvi wa kapteni na msaidizi huwa hauzuki tambarare. Huzuka mlimani, pale ukweli wa miguu hauwezi kufichwa tena.

Turudi kwa Froome. Aliingia timu ya Sky mwaka 2010 kama mtu wa kawaida tu. Kapteni alikuwa Bradley Wiggins, Mwingereza, bingwa wa Olimpiki wa mbio za uwanjani, mtu mwenye jina. Mwaka 2011 wakaenda Vuelta, ile ziara kubwa ya Uhispania, Froome akiwa wa kumsaidia Wiggins. Hatua ya 10 ilikuwa ya kila mtu kushindana na saa peke yake, na Froome akamaliza mbele ya kapteni wake. Akavaa jezi nyekundu ya kiongozi. Unadhani kwenye hatua iliyofuata timu ilifanya nini? Froome, na jezi yake ya kiongozi mgongoni, alifanya kazi ya kumvuta Wiggins mlimani hadi akachoka, na jezi ikamtoka ikaenda kwa Wiggins. Mwisho wa wiki tatu, Mhispania Juan José Cobo alishinda. Froome alikuwa wa pili kwa sekunde 13. Kapteni alikuwa wa tatu, nyuma ya msaidizi wake.

Sekunde 13, wasee. Hata kufunga kamba za viatu huchukua zaidi. Cobo alikuja kupokonywa ushindi kwa kesi ya dawa, na Froome akapewa taji lile mwaka 2019. Miaka 8 baadaye. Hebu fikiria kupokea kombe lako wakati wenye walikuwa wanakushangilia washaenda nyumbani.

Hapo ndipo naanza kujiona.

Sisi kwetu ni watoto watatu, mimi ni wa katikati. Tunaishi Kinoo. Baba ni fundi wa kuchomelea, mathe ana kibanda cha mboga. Dadangu mkubwa alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, nyumba yote ilikaa chini na tukakubaliana: nguvu zote kwake. Mimi nilipomaliza kidato cha nne, na nikapata nafasi ya kusomea utengenezaji wa filamu, kikao kilikuwa kifupi zaidi. Baba alisema, "Ngoja dada yako amalize, halafu zamu yako." Mathe akaongeza, "Hatujakataa, ni vile tu pesa haiwezi kugawanywa."

Na hakuwa anadanganya. Pesa ya nyumba yetu ni kama upepo wa Tour. Ukiigawa katikati, nyote wawili mnaanguka. Hivyo nikawa domestique. Nilikaa kibandani asubuhi, jioni nikahariri video za watu kwa simu, na nikipata kitu, nusu inaenda kwa karo ya dada. Sitaki mniletee pole. Niliifanya kwa hiari, na dada yangu anastahili. Nataka tu mjue naongea kutoka wapi.

Mwaka 2012 Sky walijipanga kama watu wanaoenda vitani. Walikuwa na mtaalamu anaitwa Tim Kerrison, Mwaustralia aliyetoka kwenye uogeleaji, ambaye hakuwa na mazoea ya baiskeli na kwa hivyo aliuliza maswali ambayo wazee wa baiskeli hawakuuliza. Timu ikapelekwa kuishi juu ya mlima Teide, kisiwa cha Tenerife, kwenye hoteli iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwetu hiyo si habari, Iten wanalala juu zaidi ya hapo kila siku. Lakini kwa Wazungu ilikuwa dawa: mwili unakosa hewa, unatengeneza damu nzito zaidi, ukishuka chini unapaa. Walipanda milima mara kwa mara kwa kipimo cha nguvu, wakihesabu wati kwenye kifaa cha usukani. Mpango ulikuwa kupanda kwa kasi moja kali, msaidizi mmoja baada ya mwingine akiwa mbele, hadi hakuna mpinzani wa kuthubutu kuruka.

Wiggins alifanya kazi, tusimdharau. Mwaka huo kabla ya Tour alishinda Paris–Nice, akashinda Tour de Romandie, akashinda Critérium du Dauphiné. Na njia ya Tour yenyewe ilimpendelea: zaidi ya kilomita 100 za kushindana na saa, na huko hakuwa na mpinzani. Ungekuwa wewe ndiye bosi Dave Brailsford, ungemchagua nani awe kapteni? Mimi ningemchagua Wiggins. Nasema hivyo ingawa moyo wangu uko Kikuyu.

Mbio zikaanza Liège tarehe 30 Juni. Hatua ya kwanza tu, Froome akapata pancha karibu na mwisho na akapoteza dakika 1 na sekunde 25. Hakuna aliyemngojea, kwa sababu hakuwa wa kungojewa. Hatua ya 7, mlima unaitwa La Planche des Belles Filles, Froome akashinda na Wiggins akavaa jezi ya manjano. Furaha tupu, picha za kukumbatiana.

Halafu tarehe 12 Julai, La Toussuire. Mlima wa mwisho wa siku ngumu. Vincenzo Nibali, Mwitaliano, amewashambulia, wamemkamata. Na hapo Froome akaondoka. Akasimama juu ya pedali akaenda, na yule aliyeachwa nyuma si Nibali peke yake. Ni Wiggins, mwenye jezi ya manjano. Kwa sekunde kadhaa dunia yote iliona kitu ambacho timu haikutaka kionekane: mtumishi ana nguvu kuliko mwenye nyumba. Halafu ukamwona Froome akishika redio yake ya sikioni, akisikiliza. Akapunguza mwendo na kungoja.

Wiki iliyofuata, Peyragudes, mlima wa mwisho wa mbio zile, ikawa vilevile. Froome anaenda mbele kidogo, anageuka, anaangalia nyuma, anamwashiria Wiggins kwa mkono aje. Mbele yao Alejandro Valverde alikuwa anakaribia kushinda hatua ile. Wangeweza kumkamata? Haijulikani, kwa sababu Froome hakuachiliwa ajaribu. Ile picha ya mtu anageukageuka ikaingia kwenye historia. Kuna watu waliiona kama utiifu. Wengine waliiona kama njia ya kuambia dunia, "Mnaona vile nangoja?"

Mimi naona zote mbili, kwa sababu najua ile shingo. Unamsaidia mtu unayempenda, na bado kuna sehemu ndani yako inataka watu waone kuwa ni wewe unajizuia.

Paris wakafika hivi: Wiggins wa kwanza, Mwingereza wa kwanza kushinda Tour. Froome wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma. Nibali wa tatu. Sasa fanya hesabu na mimi. Toa zile dakika 1 na sekunde 25 za pancha. Toa sekunde 35 na dakika 1 na sekunde 16, ambazo Wiggins alimzidi Froome kwenye zile hatua mbili ndefu za saa. Zinabaki sekunde 5. Maana yake milimani Wiggins hakumwacha Froome. Lakini pia maana yake ni kwamba kwenye saa, Wiggins alimshinda waziwazi, bila redio, bila mtu kumngojea. Mashabiki wa Froome huwa wanasahau hiyo nusu ya pili. Aliyekupita kwa haki mahali pamoja hajakuibia kila kitu mahali pengine.

Timu ilishinda lakini watu waliumia. Hata wake na wachumba wa waendeshaji walirushiana maneno Twitter mbio zikiendelea. Baadaye Wiggins, Froome na mkurugenzi wao wa barabarani Sean Yates wote waliandika vitabu, na hawakubaliani kuhusu nini hasa kilikuwa kimepangwa siku ya La Toussuire. Hapo ndipo nataka tusimame.

Timu iliyopima kila wati, iliyopanga kulala, kula na kupumua, haikuwa imepima kitu kimoja cha bure. Haikuwa imeweka wazi mbele ya wote wawili: je, ikitokea wa pili ana nguvu kuliko wa kwanza, tutafanya nini? Kila mmoja alipanda ule mlima na mkataba wake kichwani. Hatuhitaji hata kwenda Ufaransa kuona hiyo sinema. Hapa Kenya tushaona mara ngapi mkubwa na naibu wake wakianza kwa kukumbatiana na kumaliza kwa kurushiana maneno mazishini?

Na ukifikiri ahadi ya mdomo inatosha, rudi nyuma zaidi. Mwaka 1985, timu ya La Vie Claire ilikuwa na Bernard Hinault, Mfaransa, akitafuta Tour yake ya 5, na kijana Mmarekani anaitwa Greg LeMond. LeMond alikuwa na nguvu mlimani akaambiwa amngoje Hinault. Akangoja. Hinault akashinda, na akaahidi hadharani kwamba mwaka unaofuata atamsaidia LeMond. Mwaka 1986 ukafika. Hinault akashambulia. Akaenda mbele ya LeMond kwa zaidi ya dakika 5. Baadaye alidai alikuwa anachosha wapinzani tu. LeMond alishinda mwishowe, kwa dakika 3 na sekunde 10, lakini aliipata ile zamu kwa miguu yake, akipigana na mtu aliyemuahidi. "Mwakani ni zamu yako" ni maneno matamu sana, lakini hayana risiti.

Kuna mfano mzuri pia, tusilie tu. Vuelta ya 2023, timu ya Jumbo-Visma ilikuwa na Primož Roglič aliyeshinda Giro mwaka huo, Jonas Vingegaard aliyeshinda Tour mwaka huo, na Sepp Kuss, Mmarekani mpole aliyewasaidia wote wawili kushinda. Kwa bahati na kwa juhudi, Kuss akajikuta na jezi ya kiongozi. Mlima Angliru, mabosi wake wawili wakamwacha nyuma. Alibaki na jezi kwa sekunde 8 tu. Watu walikasirika dunia nzima. Timu ikakaa chini, ikaongea, na kesho yake wote wakamlinda Kuss hadi Madrid. Wakamaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Unaona? Safari hii waliongea kabla ya Madrid, hawakungoja waongee kwa vitabu.

Najua kuna wenye watanishukia: "Sky? Hao na mambo yao ya dawa?" Sawa. Mwaka 2018 kamati ya bunge la Uingereza ilisema timu ile ilivuka mstari wa maadili kwa vile ilitumia dawa zinazoruhusiwa kwa kibali cha matibabu. Timu na Wiggins walikana kufanya kosa. Hiyo ni mada kubwa ya siku nyingine, na sitaki mtu afikiri nawauzia malaika. Naongea kuhusu kungoja.

Na Froome alipongoja, ilikuwaje? Mwaka 2013 Wiggins aliugua kwenye Giro, halafu akakosa Tour. Froome akawa kapteni. Akashinda, dakika 4 na sekunde 20 mbele ya Nairo Quintana. Akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Mtoto wa Kinjah, Tour nne. Kwa hivyo mzee atakwambia, "Unaona? Mvumilivu hula mbivu."

Ngoja kwanza. Tour ile ya 2013 kulikuwa na jamaa anaitwa Geraint Thomas aliyemfanyia Froome kazi akiwa amevunjika mfupa wa nyonga tangu hatua ya kwanza. Aliendelea wiki tatu na maumivu hayo. Miaka ikapita. Mwaka 2018 Froome alikuja kutafuta Tour ya 5, na Thomas akawa na nguvu kuliko yeye. Safari hii timu haikumshika Thomas shati. Thomas akashinda. Froome, aliyekuwa mfalme, akamsaidia msaidizi wake wa zamani na akamaliza wa tatu. Mwaka 2019 Egan Bernal, kijana wa miaka 22 kutoka Colombia, akashinda, na Thomas akawa wa pili. Foleni inasonga, bana. Lakini inasonga kwa sababu kuna siku mtu wa mbele alikubali kusonga kando.

Na hiyo methali ya mvumilivu hawakuambii nusu yake. Inafaa pale matunda yako kwenye mti wako. Froome alikuwa na kitu cha kuvunia: timu ilijua nguvu zake, wapinzani waliziona, na alikuwa na mkataba. Kungoja kwake kulikuwa na mwisho. Kuna wangapi wamengoja bila mwisho? Wangapi wamekata upepo miaka 15 na majina yao hatuyajui? Hatuwaandikii makala kwa sababu hawakushinda. Ukipewa mfano wa mvumilivu aliyeshinda, uliza pia kuhusu wale wengine.

Dadangu alimaliza chuo mwaka jana. Sherehe ilikuwa tamu, pilau, picha, baba alivaa suti aliyofungia ndoa. Kazi ya kudumu hakupata, akapata ya muda. Sasa kuna mpango wa kwenda nje, Ujerumani wanataka wauguzi, na mafunzo ya lugha yanataka pesa. Jumapili moja baada ya kanisa nikasikia sentensi ileile ikija na miguu mipya: "Ngoja dada yako aende, akifika atatuvuta sote."

Huenda ni kweli. Akifika, huenda akatuvuta wote. Sikupiga kelele. Niliuliza tu: "Baba, hiyo zamu yangu ni mwezi gani?"

Nyumba ilinyamaza. Baba aliangalia televisheni iliyokuwa imezimwa. Si kwamba hakutaka kujibu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anaulizwa tarehe.

Aliyejibu ni dada. Nilidhani atanikasirikia. Akaniambia, "Unadhani mimi nimekuwa nikilala vizuri nikijua nimekalia kiti chako? Kila mtihani nilikuwa nafanya nikihesabu pesa zako." Kumbe jezi ya manjano nayo ni nzito. Miaka mitatu nimekuwa nikiangalia mgongo wake, sikuwahi kujua anasikia pumzi zangu. Wiggins naye, nafikiri, alisikia za Froome mlima mzima. Hakuna raha kuongoza ukijua aliye nyuma anajizuia kwa ajili yako.

Tulikaa hadi saa nne usiku, sote watano. Tukachukua kalamu. Dada atajilipia nusu ya mafunzo ya lugha kutoka kwa kazi yake ya muda. Pesa zangu za video kuanzia sasa ni za karo yangu, hazitoki. Septemba najiunga na chuo, hata kama ni muhula mmoja kwanza. Baba aliandika kwa kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, akachora duara. Hatujui kama pesa itatosha, na dada anaweza kuchelewa kusafiri. Ni mpango wenye mashimo, lakini una tarehe, na kila mtu aliusikia kwa masikio yake.

Basi jibu langu la lile swali ni hili. Ukiwa na nguvu kuliko kapteni wako, ngoja kama mlikubaliana, na ngoja vizuri, bila kugeukageuka ili kamera zikuone. Lakini ule mkutano wa kukubaliana usiuogope. Uite mapema, mkiwa bado tambarare, kila mtu akiwa na pumzi ya kuongea. Uliza zamu yako ni lini. Uliza kwa heshima, na uulize mbele ya wote. Anayekupenda anaweza kukosa pesa, anaweza kukosa jibu leo, lakini hatakasirika kwa sababu umetaka tarehe. Na akikasirika, basi ushajua kitu muhimu kuhusu hiyo timu.

Na wewe uliye mbele, mwenye jezi, firstborn, kapteni, bosi wa kikundi cha dansi, mwenye akaunti ambayo wengine wanaitengenezea video: usingoje uulizwe. Geuka wewe kwanza. Kuna mtu hapo nyuma anakukatia upepo, na anajua hesabu za sekunde kuliko unavyofikiri.

Sasa niambie, na usinipe jibu la kishujaa. Wewe unamngoja nani? Na mlikubaliana hadi lini?